Unasoma na unafanya kazi, sasa kwenye fomu ya ajira unajaza nini? Haya ndiyo niliyoyaona hapa Tanga

Naandika hili kwa ajili ya wale wanaosoma huku wanafanya kazi, na ni wengi jamani, mtaani kwetu tu Makorora ukigonga nyumba tatu hukosi mmoja. Kila matangazo ya kazi yakitoka naulizwa swali lile lile, dada pale kwenye hali ya ajira nijaze nini, nina kazi au sina? Nimeulizwa na wadogo zangu wa mtaani, nimeulizwa na wenzangu wa Chuo Kikuu Huria, nimeulizwa hadi na mama mmoja mtu mzima anayesomea ualimu wa awali huku anafanya usafi kwenye gesti. Jibu langu ni moja tu, una kazi. Andika una kazi, alafu andika na unasoma, alafu eleza kwa masaa na tarehe, usimwachie anayesoma fomu yako akae anakisia.

Najua wengi hawalipendi hilo jibu, maana huku kwetu kazi ni ile ya ofisini yenye kitambulisho shingoni. Ukishinda dukani kwa mtu hata miaka minne utasikia watu wanasema huyu yuko tu hapo anasogeza siku, anasubiri kazi. Mwenyewe unazoea kusikia hivyo mpaka ukifika kwenye fomu mkono unaandika "sina ajira" bila hata kufikiri. Kuna mdogo wangu mmoja wa Mabawa, binti mchapakazi kwelikweli, alikuwa anasoma diploma ya ununuzi na ugavi na kila jioni na wikiendi nzima anashika stoo ya muuza vinywaji wa jumla, anapokea kreti, anahesabu chupa tupu, anajua gari gani imetoka na mzigo kiasi gani na imerudi na nini. Akaomba kazi ya msaidizi wa stoo. Kwenye fomu akaandika mwanafunzi, uzoefu hakuna. Nilipoiona ile fomu iliniuma sana, kwa sababu kazi anayoiomba ndiyo anayoifanya kila siku ya Mungu, na aliyeisoma hakuwa na namna yoyote ya kujua.

Sasa kabla sijasema uandike vipi, ujue kwanza kwamba hii sio kujipandisha cheo. Sheria yenyewe iko upande wako. Kuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama lipo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa pale, na mojawapo ni kwamba amefanya kazi kwa huyo mtu kwa wastani wa masaa yasiyopungua 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kwa mwezi jamani, sio kwa wiki! Hayo ni kama masaa kumi na moja kwa wiki, yaani ukishika duka Jumamosi na Jumapili tu umeshayafikisha. Mengine ni kama vile kufanya kazi kwa kufuata maelekezo ya mtu, au kupewa vifaa vya kazi na huyo mtu. Na hata wale wanaohesabu nguvu kazi, kwa vipimo vya ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya kulipwa hata saa moja tu ndani ya wiki inayoulizwa anahesabika ana kazi, awe mwanafunzi asiwe mwanafunzi. Kwa hiyo kusoma hakufuti kazi yako.

Mimi mwenyewe nilianza kazi duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za namba, nina cheti cha kidato cha sita tu. Muda huo huo nikajiunga na Huria, digrii ya biashara upande wa uhasibu. Huria kimeanzishwa 1992 na masomo yake ni ya masafa, husomi kwa kwenda darasani kila asubuhi, ndio maana wanafunzi wake wengi utawakuta wana kazi zao, kuna maaskari, walimu, manesi, wauza duka kama mimi. Asubuhi nasoma, saa saba mchana naingia dukani mpaka saa moja jioni, Jumamosi naingia saa mbili asubuhi natoka saa saba. Jumla masaa 35 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka kikomo cha kawaida masaa 45 kwa wiki, kwa hiyo mimi sikuwa ful taimu lakini ukinifuatilia wiki nzima utaona sikuwa mbali nayo.

Kitu kilichonifungua macho ni pale nilipoanza kujiuliza, hawa wenye fomu wanataka kujua nini hasa? Maana kile kisanduku cha hali ya ajira kiko karibu kila fomu, siku hizi ndio zaidi, tangu bandari yetu ipanuliwe na mradi wa bomba la mafuta ghafi uje, lile la kilomita 1,443 linalotoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani hapa kwetu, fomu za kujaza kwenye simu zimekuwa nyingi na kila moja ina maneno yake. Ila ukikaa ukaziangalia vizuri utaona ndani ya kisanduku kimoja kuna maswali tofauti yamejificha. Wengine wanataka kujua kama kuna mtu unatakiwa umpe notisi, yaani tukikuchukua leo utaanza lini. Wengine wanataka kujua una uzoefu au ndio wa kufundishwa kila kitu. Na wengine, hawa ndio wanaowaogopesha wanafunzi, wanataka kujua kama utakuwepo kazini saa mbili asubuhi au utakuwa unakimbilia chuo.

La notisi ni rahisi, na wengi hawajui kwamba lina namba zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kifungu cha 41 kinasema ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi notisi isipungue siku 7, baada ya hapo kama unalipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4, kama unalipwa kwa mwezi ni siku 28. Kwa hiyo ukiulizwa unaweza kuanza lini usiseme "hata kesho" kwa kuogopa kukosa nafasi wakati unalipwa kwa mwezi, anayekuhoji akiwa anaijua sheria atajiuliza na yeye utamwacha hivyo hivyo siku moja.

La uzoefu ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu hapo ndipo watu wa dukani na stoo na mapokezi tunapopoteza haki zetu. Usiandike "muuza duka" ukaishia hapo. Sisemi muuza duka ni neno baya, mimi nimeuza duka na naheshimu sana hiyo kazi, ila haimwambii mtu unafanya nini. Kaa chini na karatasi uandike siku yako yote tangu unaingia mpaka unatoka. Mimi nilifanya hivyo usiku mmoja mgao wa umeme umetupitia, natumia tochi ya simu. Nikaandika, naingia napokea stoo kutoka kwa mwenzangu wa asubuhi, tunahesabu saruji na nondo pamoja. Nauza, natoa risiti kwenye mashine ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mteja akilipa kwa lipa namba nasubiri ujumbe uingie kwenye simu ya duka, naandika jina na kiasi kwenye kaunta buku. Mafundi wanaokopa wana daftari lao, kila Ijumaa natoa orodha ya anayedaiwa na anadaiwa tangu lini. Mzigo wa saruji ukija kutoka Pongwe nahesabu mifuko inaposhuka, iliyochanika naitenga naandika kwenye hati ya mzigo kabla dereva hajaondoka, maana akishaondoka imekuwa ya kwako hiyo. Jioni nalinganisha pesa ya droo na ya simu na ya mikopo na mauzo ya siku, alafu natoa ripoti ya Z kwenye mashine, ile inayojumlisha mauzo ya siku nzima.

Nilipomaliza nikaisoma ile karatasi nikajiona kumbe ni karani kamili. Kwenye CV ikawa hivi: Karani wa mauzo na stoo, duka la vifaa vya ujenzi, Ngamiani, Tanga. Mwezi na mwaka niliyoanza, mpaka sasa. Pati taimu, masaa 35 kwa wiki, sambamba na masomo ya digrii. Chini yake nikaweka mistari minne tu: kutoa risiti za EFD na ripoti ya Z ya kila siku, kusimamia daftari la wadaiwa, kupokea mizigo na kutunza hesabu ya stoo, kulinganisha mapato ya fedha taslimu na ya simu. Hakuna neno lililoongezwa hapo. Kila mstari ukiniuliza nakuonyesha na daftari.

Angalia hilo neno pati taimu, watu wengi wanaliruka wakidhani linawashusha. Mimi nasema liandike na masaa yake. Pati taimu bila masaa mtu atafikiri unaenda mara moja kwa wiki kumsaidia shangazi, ila masaa 35 yanajieleza. Na usiyaongeze, maana siku ukiulizwa unasoma saa ngapi hesabu itakataa.

Kwenye elimu nako usiache pengo. Andika chuo, andika kozi, andika "inaendelea" na mwaka unaotarajia kumaliza. Ile sehemu ya hali ya ajira kama ina chaguo moja tu, ameajiriwa, hajaajiriwa, amejiajiri, mwanafunzi, na unalipwa na mtu kila mwezi, chagua ameajiriwa, uanafunzi wako utaonekana kwenye elimu. Ukichagua mwanafunzi peke yake kazi yako haina pa kuonekana tena, na kama wanachuja fomu kwa kufuata kile kisanduku basi hata hiyo CV yako nzuri inaweza isifunguliwe. Alafu kwenye barua ya maombi, aya ya kwanza kabisa, sema kwa sentensi moja: kwa sasa nafanya kazi fulani masaa kadhaa kwa wiki na ninasoma kozi fulani kwa mfumo wa masafa, au wa jioni. Sentensi moja inatosha.

Sasa ushahidi. Duka letu halikuwa na mikataba. Bosi wangu, tunamwita Ami, ni mtu mzima wa zamani wa hapa hapa mjini, mtu wa dini na wa haki, mshahara haujawahi kuchelewa lakini karatasi hataki kusikia. Nilimfuata baada ya swala ya laasiri siku wateja wamepungua, nikamwamkia, nikamwambia Ami naomba uniandikie barua inayosema nafanya kazi kwako. Akashtuka, "Mwanangu wataka kuondoka?" Nikamwambia hapana Ami, ila nasoma, na ipo siku nitaomba kazi nyingine na watataka kujua nilikuwa wapi. Akasema, "Karatasi za nini, mie nawe si watu wa nyumba moja?" Nikamweleza taratibu kwamba hata sheria inataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kazi gani, ameanza lini, masaa yake, malipo yake, na kwamba ile karatasi inamlinda yeye pia, kesho akija mkaguzi wa kazi ana cha kuonyesha. Akanyamaza kidogo akaendelea kuhesabu misumari ya mteja. Alafu akasema haya nenda kaandike uniletee.

Nikaenda steshenari, nikachapa, nikarudi. Akavaa miwani yake akaisoma neno kwa neno na kidole juu ya karatasi, alipofika pale pa pati taimu akasimama. "Hii pati taimu ndio nini? Mbona wewe uko hapa kila siku ya Mungu, andika wa kudumu." Mwenzenu niliguswa, kwa sababu kumbe mtu mwenyewe ananihesabu hivyo. Nikamwambia Ami, kudumu nadumu, ila masaa yangu ni haya na watakuja kuniuliza. Akakubali, ila akachukua kalamu akaongeza kwa mkono wake chini kabisa, kwamba ni mwaminifu na anaaminiwa na funguo za duka. Wino wa muhuri ulikuwa umekauka, tukautilia matone mawili ya maji na kuusugua, akapiga muhuri kwa kukandamiza na kiganja chote juu ya saini. Ile barua ndiyo iliyonifungulia mlango, sio CV.

Na kama mwajiri wako amekuandikisha NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, una ushahidi mwingine mzuri tu, maana taarifa ya michango yako inaonyesha nani anachangia na tangu mwezi gani. Michango yote ni asilimia 20 ya mshahara, ukikatwa yako asilimia 10 mwajiri anaongeza iliyobaki. Kaiangalie kabla hujaombwa, ujue kama iko sawa.

Nikaomba nafasi ya msaidizi wa hesabu kwenye kampuni moja ya uwakala wa forodha hapa mjini, nikaitwa kwenye usaili. Walikuwa watatu mezani, na aliyenibana ni mama mmoja aliyekaa katikati, mpole wa sauti lakini macho makali. Akaniambia, "Binti, hapa umeandika umeajiriwa, na hapa umeandika mwanafunzi. Sisi tukuchukue kama nani?"

Nikamwambia, mama, kama vyote viwili, na naomba nikueleze vinavyokaa pamoja. Nikamweleza masomo yangu ni ya masafa, sina darasa la kila siku, kinachonitoa kazini ni mitihani tu na ratiba yake huwa inatoka mapema. Nikamwambia sheria inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, kwa hiyo kampuni ikiridhia naomba likizo yangu ipangwe kwenye kipindi cha mitihani, sitaomba ruhusa za kuvizia. Akaandika kitu. Akauliza, "Na tukimpigia huyo mwajiri wako sasa hivi atasema nini?" Nikasema mpigieni mama, namba iko kwenye CV.

Wakapiga kweli, wakaweka sauti kubwa. Moyo ulikuwa unanienda mbio. Ami akapokea na kelele za duka nyuma yake, mama akajitambulisha, akamuuliza huyu binti ni nani kwako. Ami akasema, "Huyo ni karani wangu, mchana mpaka jioni, asubuhi anasoma. Kama mna riziki kubwa kuliko yangu mpeni, mie simzuii, ila aniachie mwezi nipate mtu." Mama akaniangalia, akasema kila alichosema umekiandika hapa. Wakaniuliza nitaanza lini, nikasema nalipwa kwa mwezi, nadaiwa notisi ya siku 28. Kazi niliipata, na hiyo notisi niliitumikia mpaka siku ya mwisho, nikamfundisha na kijana aliyechukua nafasi yangu jinsi ya kufunga hesabu ya jioni.

Nisije nikawadanganya kwamba kila mahali watapenda. Wapo watakaokwambia waziwazi hawataki mtu anayesoma, na hao wamekusaidia, umejua mapema. Kuanza kazi huku umeficha chuo ni mateso, nimemuona mwenzangu mmoja anadanganya msiba kila kipindi cha mitihani mpaka ndugu wakamwishia, mwisho ikajulikana na kazi ikaisha. Mtu alikuwa na akili na bidii, kilichomtoa ni maneno, sio masomo.

Upande wa serikali mambo ni tofauti kidogo, tuelewane vizuri hapa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanapozungumzia walioko kazini yanamaanisha watumishi wa umma, kama pale kwenye umri usiozidi miaka 45 isipokuwa kwa walioko kazini serikalini, na pale pa kupitisha barua kwa mwajiri. Wewe wa dukani au wa kampuni binafsi hayo hayakuhusu, usikae unahangaika kutafuta muhuri wa bosi juu ya barua ya maombi. Kinachokuhusu sana ni elimu. Kule wanataka cheti chenyewe, matangazo yao yanasema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda havikubaliki, sasa kama digrii bado inaendelea huna cheti cha digrii. Omba kwa kiwango ulichomaliza, kama ni diploma omba nafasi ya diploma, kama ni kidato cha sita vivyo hivyo. Uzoefu wako jaza kwenye sehemu ya uzoefu na jina la mwajiri na tarehe, na wale wadhamini watatu wanaotakiwa, mmoja awe anayekujua kazini, sio wote wawe walimu na mchungaji au shekhe wa mtaa. Na tangazo hilo hilo linakuonya kuhusu taarifa za kughushi na hatua za kisheria, kwa hiyo usije ukajaza digrii eti kwa vile umebakiza mwaka mmoja.

Wanaouliza kuhusu mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hili nalo linawafanya wengi waandike hawana kazi. Mwongozo wa mikopo unataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi au mkataba, sekta ya umma au binafsi. Ndio, upo hivyo. Kama unaomba mkopo na una ajira ya namna hiyo, hilo uliangalie kule kwenye mkopo kwanza, kwa ukweli, kabla hujasaini chochote. Kinachonitisha ni mtu kuwa na majibu mawili, Bodi anawaambia hana kazi na mwajiri mpya anamwambia ana uzoefu wa miaka mitatu, karatasi zote mbili zina saini yake. Mimi sikuwa na mkopo, ada nililipa kwa mafungu kutoka kwenye huo huo mshahara wa dukani, ndio maana naipigania sana hii kazi ihesabike.

Kuna na wale ambao hawako kwa mtu. Una kibanda chako cha uwakala wa fedha, una bajaji, unasuka watu nyumbani, hapo jaza amejiajiri, ila ukiwa unakaa kwenye kibanda cha mwingine anakulipa mwisho wa mwezi wewe ni mwajiriwa wake. Fildi ya chuo sio ajira, iweke peke yake kama mafunzo kwa vitendo, taja ofisi na wiki ulizokaa. Kujitolea nako andika kujitolea, ni uzoefu mzuri na hakuna haja ya kuugeuza jina. Deiwaka za hapa na pale, leo umepakia mizigo kesho umegawa vipeperushi, hizo zikusanye kwenye mstari mmoja wenye mwaka, usizipe kila moja cheo chake.

La mwisho ni siku ya kuondoka. Wengi wakishapata kazi mpya wanaaga wanaondoka wanasahau karatasi. Sheria ile ile ya Ajira, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Mwombe ukiwa bado una wiki moja au mbili, sio siku ya kubeba begi, na kama hajui kinafananaje msaidie kukiandaa, jina lako, kazi uliyofanya, ulianza lini umemaliza lini. Duka linaweza kufungwa, simu zinabadilishwa, mzee anaweza kuhamia kwa watoto wake Dar na usimpate tena. Mimi cha kwangu nimekiskani nimekiweka kwenye barua pepe pamoja na ile barua ya mwanzo, na mtu akija nimsaidie kujaza fomu kitu cha kwanza namuuliza una karatasi yoyote ya pale unapofanya kazi sasa? Kama hana, fomu tunaiweka pembeni kwanza, tunaandika hiyo barua aipeleke kwa bosi wake.